Kivuli Kizito, Kivuli Chepesi

Anayejiandaa kupiga picha za mwezi unapopatwa hukutana mapema na istilahi mbili za Kilatini: umbra, yaani sehemu ya kivuli cha Dunia ambako Jua limezibwa lote, na penumbra, ile inayoizunguka, ambako Jua limezibwa upande tu. Umbra ikielezwa kuwa giza kamili na penumbra ikaitwa nusukivuli, mpiga picha anapotoshwa mara mbili, ilhali Kiswahili kina maneno yake tayari. Atokaye chini ya mwembe akaketi chini ya mnazi ametoka kwenye kivuli kizito akaingia kivuli chepesi.

Tuanze na giza. Tarehe 7 Septemba 2025, watu wa Afrika Mashariki waliona mwezi ukizama wote katika umbra kwa dakika 82, kuanzia saa 2:30 usiku. Haukutoweka. Ulikuwa mwekundu kama shaba, kwa kuwa angahewa ya Dunia hupinda miale ya Jua na kuiingiza kivulini. Buluu hutawanyika njiani, wekundu ukapenya. Aliyeambiwa giza angefunga kamera akaenda kula. Aliyeambiwa kivuli alijua mwanga upo, ila haba: mwezi mpevu uliotosheka na 1/250 ya sekunde sasa unataka shata ikae wazi sekunde nzima au zaidi, na ISO ipandishwe. Tena asizidishe, maana mwezi husogea angani kiasi cha upana wake kila dakika mbili, na kwa lenzi ndefu sekunde nne tu zinatosha kuvuruga ukingo wake.

Neno "nusu" nalo linaahidi mpaka usioonekana. Jioni hiyohiyo mwezi uliingia penumbra saa 12:28, ukaigusa umbra saa 1:27. Karibu saa nzima imepita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo jicho halioni badiliko lolote. Mwishoni ndipo upande mmoja unapoonekana kama umepakwa moshi. Wepesi una viwango, nusu haina.

Atakayepinga atasema istilahi ya sayansi hudai mpaka wa kijiometri, na uzito ni hisia tu. Lakini mpaka huwekwa na fasili, si na umbo la neno. Hata penumbra kwa Kilatini ni "karibu kivuli", neno la makadirio kabisa. Isitoshe, uzito huu hupimwa. Mfaransa André Danjon aliupangia ngazi, kuanzia 0 kwa mwezi unaoonekana kwa shida hadi 4 kwa ule unaong'aa kwa rangi ya shaba. Desemba 1992, mwaka mmoja na nusu baada ya volkano ya Pinatubo kurusha vumbi na gesi juu angani, mwezi uliopatwa karibu upotee machoni. Jiometri ilikuwa ileile. Kivuli ndicho kilichozidi uzito, na aliyepiga kwa vipimo vya kawaida aliambulia fremu nyeusi.