Kabla ya dawa: Uganda ilivyoukabili Ukimwi miaka ya 1980

Leo mtu mwenye virusi vya Ukimwi (VVU) hupewa dawa za kufubaza virusi na kuishi miaka mingi. Ugonjwa huu ulipoingia Afrika Mashariki, dawa hizo hazikuwepo. Kinga kubwa ilikuwa kuwaambia watu ukweli.

Ulionekana wapi kwanza?

Mwaka 1982, watu wa Kasensero, kijiji cha wavuvi cha Uganda kando ya Ziwa Victoria, walianza kukonda, kuharisha na kufa. Waganda waliuita "slim", yaani mwembamba. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya mpaka. Huko uliitwa "Juliana", jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wengi walidhani ni uchawi.

Serikali ilifanya nini?

Wakati huo nchi nyingi zilificha wagonjwa wao. Mwaka 1986, waziri wa afya wa Uganda, Ruhakana Rugunda, alitangaza mjini Geneva, mbele ya mataifa, kwamba nchi yake ina Ukimwi na inahitaji msaada. Mpango wa taifa wa kudhibiti ugonjwa ukaanza.

Redioni, ngoma ya hatari ililia kabla ya tangazo. Wasikilizaji walielezwa kwamba virusi huambukizwa kwa ngono na damu, si kwa kusalimiana wala kula pamoja. Ujumbe uliopata umaarufu ulitoka zizini: kama ng'ombe anayelishwa bandani, usitoke nje kutafuta malisho, baki na mwenzi wako.

Wagonjwa nao walisema

Mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa Ukimwi, alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake ili wagonjwa wapate ushauri na huduma bila kutengwa. Mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kuwa ana virusi. Alizungumza na wanafunzi na waumini hadi alipokaribia kufa, Desemba mwaka huo.

Matokeo yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, takriban watu wazima 15 katika kila 100 nchini Uganda walikuwa na virusi. Kufikia 2001 walikuwa kama 5. Vifo vingi vilichangia kupungua huko, lakini pia watu walibadili mwenendo.

Siku hizi dawa zipo, ila humfikia aliyepima tu. Aibu na kuficha bado vinaua.