Wosia wa Mzee na Shahidi wa Nje ya Ukoo

Wahenga walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo huambiwa wafanyabiashara, lakini katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, linawahusu wazee pia. Matanga yakiisha, ugomvi wa nyumba na shamba huanza, na anayetolewa mlangoni huweza kuwa yule ajuza aliyeijenga nyumba hiyo pamoja na marehemu. Tujiulize basi: katika historia ya wilaya hizi mbili, nani alikuwa wakili wa mzee?

Hakuwa wakili wa joho. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, na ile iliyoifuata mwaka 1984, ziliwazuia mawakili kusimama katika mahakama za mwanzo. Na humo ndimo hufunguliwa mirathi za watu wafuatao mila au sheria ya Kiislamu. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 2021, kwa mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mzee wa kijijini alitetewa na maneno yake mwenyewe, na watu walioyasikia.

Lakini maneno hayo yalipimwa kwa mizani ipi? Handeni ni nchi ya Wazigua, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mjomba ana kauli kubwa, na mpwa ana haki yake. Korogwe, chini ya milima ya Usambara, Wazigua hukutana na Wasambaa, wafuatao ukoo wa baba. Uislamu, uliopanda kutoka pwani, ukaleta hesabu ya tatu: mke hupata thumuni akiwapo mtoto, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Kisha ukaja mkonge, ulioingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukavuta manamba kutoka mbali: Wabena, Waha, Wamakonde, Wanyamwezi. Wengine walizeekea katika kambi za mashamba kama Magunga na Ngombezi, mbali na koo zao.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwa maandishi sheria za mila kuhusu urithi na wosia. Tangazo hilo lilikusanya mila za watu wa ukoo wa baba. Mzigua wa Handeni akilisoma hajioni humo. Mila yake ilibaki vinywani. Na hata yule ajionaye humo, akiwa mwanamke, hapati faraja. Watoto wa kike waliwekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zao wote, na ardhi ya ukoo waliruhusiwa kuitumia tu maishani mwao. Mjane hakupewa fungu ikiwa mumewe ameacha jamaa. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Hata hivyo, katika sehemu ya wosia, tangazo lilelile lina busara isiyostahili kusahauliwa. Wosia wa mdomo sharti ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika, ushuhudiwe na watu wajuao kusoma, wawili au wanne kwa kadiri ya elimu ya mwenye kuusia. Mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia. Na mtoto aliyemwacha mzee wake katika njaa au maradhi bila sababu ya haki aweza kunyimwa urithi, ila kwanza apewe nafasi ya kujitetea. Humo urithi umefungwa na matunzo.

Shahidi wa ukoo huilinda mila. Mtu baki humlinda mzee dhidi ya ukoo wenyewe, maana yeye hana cha kurithi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila kwa mzee wa manamba kanuni hii hugeuka kitendawili: watu baki amejaa nao kambini, lakini hao wawili wa ukoo atawatoa wapi?

Wosia pia ndio daraja kati ya mizani zile. Mzigua Mwislamu atakaye kumkumbuka mpwa wake, ambaye hana fungu wakiwapo watoto wa kiume, anaruhusiwa na sheria ya Kiislamu kumwusia ndani ya theluthi ya mali yake. Lakini daraja hilo hujengwa na aliye hai.

Mambo yamesogea tangu hapo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Handeni ikateuliwa kuwa wilaya ya majaribio ya MKURABITA, mpango ulioanza mwaka 2004, na wanavijiji wakapewa hati za hakimiliki ya kimila. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikawatambua wasaidizi wa kisheria, na mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Hata hivyo, mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ilikuwa bado inailaumu Tanzania kwa kanuni zile za 1963, kwa malalamiko ya wajane wawili.

Hati husema shamba ni la nani leo. Haisemi litakuwa la nani kesho. Kwetu visiwani wosia ni nasaha pia, kama ule ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858. Wazee wetu wengi ni hodari wa wosia huo wa nasaha, na huuogopa ule wa mali, kana kwamba kuutamka ni kukiita kifo. Ila kimya chao hakimzuii Izraili. Humwacha mjane mbele ya kikao cha ukoo bila shahidi hata mmoja. Mzee mwenye akili zake timamu awaite watu wanne, wawili wasiwe jamaa zake, na mkewe awepo akisikia.