Milimita 0.7: Historia Iliyojificha Ndani ya Modeli ya Lancaster

Leo naweka kando programu na seva, tuzungumze kuhusu kazi ninayoifanya jioni nikishazima tarakilishi: kuunda modeli za ndege. Najua wapo watakaosema huo ni mchezo wa watoto. Sibishani nao. Ila nataka kuonyesha kwamba modeli ikijengwa kwa makini inafundisha historia kwa namna yake. Ukiandika programu utanielewa upesi. Kutumia programu ni jambo moja, kufungua msimbo wake na kuusoma mstari kwa mstari ni jambo jingine kabisa. Kuitazama ndege kwenye picha ni kuitumia. Kuiunda kipande kwa kipande ni kusoma msimbo wake. Na humo ndani ndimo zinamokaa hitilafu.

Ndege ya leo ni Avro Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili.

Ndege yenyewe

Lancaster ilizaliwa kutokana na ndege iliyoshindwa. Kampuni ya Avro ilikuwa imetengeneza ndege iitwayo Manchester, yenye injini 2 kubwa za Rolls-Royce Vulture. Injini hizo zilikuwa zinakufa angani na nyingine kuwaka moto. Mbunifu mkuu wa Avro, Roy Chadwick, hakuitupa kazi yote. Alichukua kiwiliwili kilekile, akarefusha mabawa, akaweka injini 4 za Merlin zilizokwisha kujaribiwa na kuaminika. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 9 Januari 1941, ikaanza kazi ya vita Machi 1942. Zilitengenezwa 7,377. Zaidi ya 3,200 zilipotea vitani.

Kila moja ilibeba watu 7: rubani, fundi wa injini, msoma ramani, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki 2. Hawakuwa Waingereza peke yao. Walikuwemo Wakanada, Waaustralia, watu wa New Zealand na wa visiwa vya Karibi. Msoma ramani mmoja aliitwa Cy Grant, kijana mweusi kutoka Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Lancaster yake iliangushwa Uholanzi Juni 1943. Aliruka kwa parachuti, akakamatwa, akakaa mateka wa Wajerumani miaka 2. Baadaye alisomea sheria, kisha akawa mwigizaji na mwimbaji mashuhuri Uingereza. Mkumbuke huyu, maana hoja yangu kubwa inahusu kutoka ndani ya ndege ikiwaka.

Kwa nini 1:72?

Modeli nyingi za ndege za vita ni za kipimo cha 1:72. Namba hii inaonekana ya ajabu kwetu tuliozoea mita, lakini Waingereza walihesabu kwa inchi na futi. Inchi 1 kwenye modeli ni futi 6 kwenye ndege, yaani karibu urefu wa mtu mmoja.

Wakati wa vita kipimo hiki kilitumika kufundishia askari kutambua ndege. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao za kipimo hicho. Hesabu yake ni rahisi: ukiishika modeli ya 1:72 mita 10 kutoka kwa mwanafunzi, ataiona kwa ukubwa ambao angeiona ndege halisi ikiwa mita 720. Askari asiyetambua umbo huwafyatulia wenzake, na hilo lilitokea mara nyingi. Kwa hiyo modeli hizi tangu zamani zina uhusiano na uhai wa watu.

Kwa kipimo hicho Lancaster yenye mabawa ya mita 31 inakuwa na sentimita 43, na urefu wake sentimita 29. Inaenea mezani vizuri, ingawa itabidi uhamishe kibodi.

Kabla ya kutia gundi

Kosa la wanaoanza ni haraka. Usikimbilie gundi. Kata vipande kwa kisu kikali, lainisha kingo kwa msasa, kisha vishikishe kwa utepe bila gundi uone kama vinakutana. Paka rangi ya ndani kwanza, maana nusu mbili za kiwiliwili zikishafungwa huwezi kurudi. Kwa rubani ndani ni nyeusi, na nyuma huko ni kijani chenye ukijivu.

Hatua hii ndiyo inayokuonyesha ndege kama waliokuwemo walivyoiona. Katikati ya kiwiliwili inapita boriti kuu inayoshikilia mabawa. Kwenye modeli ni kipande cha plastiki tu, unakibandika na kusonga mbele. Kwenye ndege halisi ilikuwa kizuizi kinachokata njia. Mtu aliyetaka kutoka nyuma kwenda mbele alipaswa kuiparamia amevaa makoti mazito, viatu vya manyoya na kamba za parachuti, gizani, ndege ikiyumba.

Nenda mkiani. Mpiga bunduki wa nyuma alikaa peke yake ndani ya tareti ya vioo yenye bunduki 4. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba wengi wao waliacha parachuti zao zikining'inia nje ya tareti, ndani ya kiwiliwili. Ndege ikiwaka, ilibidi afungue vimlango vya nyuma yake, anyooshe mkono, aivute parachuti, aifunge kifuani, azungushe tareti, halafu ajirushe kinyumenyume.

Mlango wa sakafuni

Sasa tufike kwenye kipande kilichonifanya niandike haya. Chini ya pua, pale mlenga mabomu anapolala kifudifudi, kuna mlango mdogo wa sakafuni. Ndio uliokuwa njia kuu ya kutokea kwa parachuti kwa watu wa mbele. Kulikuwa na mlango mwingine ubavuni karibu na mkia, lakini aliyeruka hapo alikuwa katika hatari ya kugonga bawa la mkiani.

Mlango huo wa sakafuni ulikuwa na upana wa inchi 22, sawa na sentimita 55.9. Ndege nyingine ya Uingereza iliyofanya kazi ileile, Handley Page Halifax, ilikuwa na mlango wa inchi 24, yaani sentimita 61. Tofauti ni inchi 2. Gawanya kwa 72: mlango wa Lancaster ni milimita 7.8, wa Halifax ni milimita 8.5. Tofauti ni milimita 0.7. Ukiusugua mlango huo kwa msasa kidogo tu unaweza kuifuta tofauti hiyo bila kujua.

Mwaka 1943 kijana wa miaka 19, Freeman Dyson, aliajiriwa kufanya hesabu katika makao makuu ya Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza. Baadaye alikuja kuwa mwanafizikia maarufu duniani, akafariki mwaka 2020. Dyson ameeleza kwamba walipolinganisha ndege zilizoangushwa, waliona kuwa katika Halifax karibu asilimia 25 ya watu waliokoka. Katika Lancaster, ndege iliyosifiwa kuliko zote, ilikuwa asilimia 15 tu. Yeye na mwenzake Mike O'Loughlin waliona kuwa chanzo kikubwa ni mlango mwembamba.

Tufanye hesabu ya haraka. Chukua ndege 1,000 zilizoangushwa, kila moja na watu 7. Hao ni watu 7,000. Asilimia 15 ni watu 1,050. Asilimia 25 ni watu 1,750. Tofauti ni watu 700 kwa kila ndege 1,000. Hata ukisema mlango unahusika na nusu tu ya tofauti hiyo, na nusu nyingine ni boriti na msongamano wa ndani, bado ni watu 350.

O'Loughlin alipigania mlango upanuliwe. Kwa maelezo ya Dyson, juhudi hizo zilichukua karibu miaka 2, na vita vikaisha kabla mlango mpana haujawafaa waliouhitaji. Haikuwa siri ya kisayansi. Ni kipimo ambacho mtu yeyote angekipata kwa rula. Ila Lancaster ilisifiwa kwa mwendo wake, kwa urefu wa safari zake na kwa uzito wa mabomu iliyobeba. Hakuna aliyepewa sifa kwa sababu ya upana wa mlango wa kutokea. Na waliouona wembamba wake usiku ule wa moto wengi hawakurudi kutoa ripoti.

Tumbo lisilo na macho

Geuza modeli yako juu chini. Tumbo lote limepakwa nyeusi isiyong'aa, ili taa za kumulika angani zisiishike kirahisi. Nyuma ya chumba cha mabomu, ndege nyingi zina kibonge kama bakuli. Humo mlikuwa na antena ya rada ya H2S, iliyoanza kutumika Januari 1943 kuonyesha miji iliyofunikwa na giza na mawingu.

Sasa tafuta bunduki inayoelekea chini. Kwenye Lancaster nyingi haipo. Miongoni mwa zile za mwanzo zilikuwepo zilizokuwa na tareti ya tumboni, ikaondolewa, na mahali pake pakachukuliwa na rada. Mwaka 1943 Wajerumani walianza kufunga bunduki zinazoelekea juu kwenye ndege zao za usiku. Rubani wao alikuja taratibu kutoka chini, mahali ambapo hakuna aliyemwona, akapiga matangi ya mafuta yaliyomo bawani. Makao makuu ya Uingereza yalichelewa sana kuelewa kinachotokea.

Dyson anaeleza jambo jingine la kuumiza. Wanaanga waliambiwa kwamba ukizidi kupata uzoefu nafasi yako ya kupona inaongezeka. Alipochambua takwimu za mwaka 1944 hakuona hivyo. Wazoefu walikufa sawa na wageni. Uzoefu utakusaidia nini ikiwa adui yuko mahali usipoweza kutazama?

Shehena

Kama unataka kuacha milango ya chumba cha mabomu wazi, jiandae kwa kazi. Chumba hicho kilikuwa na urefu wa mita 10 bila kizuizi, sentimita 14 kwenye modeli. Hapa usiweke mabomu yoyote tu kwa sababu yanapendeza. Shehena ina maana yake.

Kwa mashambulizi ya miji, mpangilio wa kawaida ulikuwa bomu moja kubwa la ratili 4,000 lenye umbo la pipa, likizungukwa na mamia ya mabomu madogo ya moto. Pipa liling'oa mapaa na kuvunja madirisha, kisha yale madogo yakaingia ndani na kuwasha nyumba. Huo ndio mpango unaoupanga kwa kibano chako. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1943 mpango huo ulizua dhoruba ya moto mjini Hamburg. Mashambulizi ya wiki ile yaliua watu takriban 37,000, wengi wao raia. Anayejivunia usahihi wa modeli yake hana budi kuwa sahihi hapa pia. Watu 7 waliobanwa na mlango mwembamba walikuwa juu, na maelfu waliokosa mlango walikuwa chini.

Stika

Mwisho ni stika za maji, zile unazoziloweka na kuzitelezesha mahali pake. Masanduku mengi yanakupa ndege mashuhuri. Maarufu mojawapo ni R5868, inayotunzwa hadi leo katika makumbusho ya jeshi la anga jijini London. Ubavuni mwake imechorwa safu juu ya safu ya mabomu madogo, kila bomu likiwa safari moja. Ilikwenda safari 137.

Inapendeza, lakini wataalamu wa takwimu watakukumbusha kwamba unatazama waliobaki. Zamu kamili ya mwanaanga ilikuwa safari 30, na wengi hawakuifikia. Kati ya watu wapatao 125,000 waliorushwa na Bomber Command, walikufa 55,573, karibu asilimia 44. Lancaster ya kawaida ilikuwa na mabomu machache tu ubavuni siku ilipopotea. Kwa hiyo ukitaka kuunda Lancaster ya kweli zaidi, acha zile safu 137, bandika mabomu 5 au 10, na uiache rangi ikiwa bado mpya. Haikupata muda wa kuchakaa.

Na ule mlango wa sakafuni, usiuzibe kwa gundi. Ukate, uuache wazi, na kando yake weka sanamu ya mtu mmoja wa kipimo hichohicho. Mtu wa mita 1.75 atakuwa na sentimita 2.4. Mvishe koti, mfunge parachuti kifuani, halafu jaribu kumpitisha.