Fremu

Mwambie dalali wa Dar es Salaam kuwa unatafuta fremu, atakupeleka kwenye chumba cha duka. Mwambie fundi baiskeli, atauliza: ya chuma au ya alumini? Kwa fundi, fremu ni mwili wa baiskeli: mabomba yaliyounganishwa ili kubeba usukani, kiti na magurudumu.

Anayetafuta fremu ya mtumba kwa safari ya mzigo mwepesi achague chuma. Kikipinda kidogo, fundi hodari hukinyoosha. Kikipasuka, mara nyingi hutiwa lehemu. Alumini haivumilii hivyo.

Pitisha kidole chini ya mabomba, nyuma tu ya usukani: mikunjo au nyufa za rangi ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Vuta bomba la kiti. Likiwa limegandishwa na kutu, achana na fremu hiyo. Karibu na ekseli ya nyuma, tafuta vitundu vya skrubu vya kufungia keria, kisha pima kama tairi pana litapita. Kibandiko cha Reynolds 531, chuma cha manganizi na molibdeni kilichotolewa Uingereza mwaka 1935, huashiria mabomba mepesi na imara, lakini hakifuti kutu ya ndani.

Kwa maana hii ya fremu, Kiswahili kina pia kiunzi, neno zuri linalotokana na kuunda. Waandishi walitumie bila woga. Kwa fundi, sema fremu, na utaje ni ya baiskeli.