Kuruta mjuaji: mimi na wale wa 1966

Test zimeisha, sasa napumua kidogo.

Baada ya kidato cha sita niliitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Nilitoka Songwa, Kishapu, na division one yangu, najiona nimeshamaliza kila kitu. Siku ya pili, baada ya mchakamchaka, tukapewa majembe. Nikanyoosha mkono: "Afande, mimi naenda kusomea ualimu. Hili shamba litanisaidia nini?" Aisee! Kombania nzima ilicheka. Afande hakukasirika hata kidogo. Alinipa matuta ya ziada na jina la "Profesa". Wiki nzima bwaloni nilikula peke yangu.

Nilidhani kuruta mjuaji ni mimi tu. Juzi, katika kusoma historia ya elimu, nikakutana na kaka zangu wa 1966.

Basi bwana, JKT ilianza 1963 kwa vijana wa kujitolea, wengi wao wa elimu ndogo. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi nao waingie, tena kwa lazima: miaka miwili, sehemu kambini, na muda uliobaki unafanya kazi yako huku unakatwa asilimia 60 ya mshahara. Wasomi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu, wakamsomea Mwalimu Nyerere tamko kwamba miili yao ingeenda kambini lakini mioyo ingebaki nje. Kuna bango lilidai hata ukoloni ulikuwa afadhali. Jamani!

Mwalimu aliwaka. Wanafunzi 393 walifukuzwa wakarudishwa makwao, zaidi ya 300 wakiwa wa chuo kikuu.

Ila tusiwaonee. Walihoji pia mbona wakubwa wanalipwa minono wakati wao wanaambiwa wajitolee. Hoja hiyo ilimgusa Mwalimu, siku ileile akatangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni baadaye. Jeshi la lazima liliendelea hadi 1994 liliposimamishwa, likarudi 2013, na ndipo na mimi nikaja kupewa jembe.

Kwa hiyo nani alikuwa na haki? Niliporudi likizo nikamsimulia babu yote, ya kwangu na ya wale wa Ikulu. Babu miaka hiyo alikuwa akilima pamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hao walikuwa wanasomeshwa na nani?"

Nikasema na serikali.

"Na serikali ilikuwa inapata wapi?"

Nikanyamaza. Pamba yetu ya Usukumani ilikuwa moja ya mazao makubwa yaliyoiletea nchi fedha za kigeni.

"Mjukuu wangu, mimi hakuna aliyeniuliza kama moyo wangu uko shambani."

Wadau, hapo sikuwa na jibu. Bado naona wale wasomi walikuwa na haki ya kuuliza, na ukali wa kuwafukuza ulipitiliza. Lakini kabla ya kuuliza jembe litanisaidia nini, ningeanza kwa kuuliza jembe la nani limenifikisha pale.

Mwakani naenda mazoezi ya kufundisha. Nikimpata mwanafunzi mjuaji kama mimi, nitamjibu swali lake kwanza. Matuta baadaye.