Msikilizaji na Mwadhibu katika Shule za Sekondari za Kenya

Ushauri nasaha si mgeni katika shule za Kenya, lakini ulipata uzito mpya mwaka 2001. Mwaka huo kiboko kilipigwa marufuku, na wavulana 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, walikufa katika moto wa bweni uliowashwa makusudi. Walimu waliuliza watawatulizaje wanafunzi bila fimbo, na jibu lililokuwa karibu likawa ushauri. Huduma hiyo, basi, ilibebeshwa kazi ya nidhamu kabla ya kazi ya afya ya akili, na hapo ndipo penye kasoro yake hadi leo.

Ukubwa wa haja haubishaniwi. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 44.3 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walifikia vigezo vya ugonjwa kamili. Wengi wao hushinda shuleni, na wa bweni hulala hukohuko. Dalili zikijitokeza, mwalimu huziona kabla ya mzazi.

Shida iko mlangoni. Mara nyingi mwanafunzi hufika kwa mshauri akiwa ametumwa na naibu wa mwalimu mkuu: amechelewa kurudi kutoka likizo, amesinzia wakati wa prepu, amepigana. Huketishwa pembeni mwa chumba cha walimu, madaftari yamerundikana mezani, mwalimu wa zamu akipita kuchukua chaki. Anayemhoji ana vipindi vyake vya kufundisha, na wiki ijayo huenda akawa kwenye kamati itakayoamua kama mtoto huyo asimamishwe masomo. Msichana aliyekosa usingizi wiki mbili kwa wasiwasi hawezi kuyasema hayo hapo. Atasema kichwa kinamuuma, atapewa dawa ya maumivu, basi.

Sheria nayo iliongeza woga. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, kijana aliyemwambia mwalimu kwamba amewahi kujaribu alikuwa, kisheria, anakiri jinai.

Taasisi ya Shamiri, ambayo Mkenya Tom Osborn ni miongoni mwa waasisi wake, imejaribu njia nyingine. Vijana waliomaliza sekondari karibuni hufunzwa kuongoza makundi ya wanafunzi kwa vipindi vinne kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na mambo anayoyathamini. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry lilihusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopewa vipindi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Isidaiwe kwamba ujana wa waongozaji ndio uliotibu, maana makundi yote yaliongozwa na vijana wa aina moja. Kilichothibitika ni kidogo kuliko hicho, ila kinatosha: msaada wenye nguvu unaweza kutolewa shuleni na mtu asiye na mamlaka ya kuadhibu.

Kutenganisha majukumu hakuhitaji jengo jipya. Mshauri aondolewe kwenye kamati ya nidhamu, apunguziwe vipindi, na mwanafunzi aweze kumwona bila barua ya naibu. Mpaka wa siri utangazwe mapema: hatari ya kifo na dhuluma ya kingono hutolewa taarifa, mengine hayatoki. Wanaohofia kwamba watundu watajificha nyuma ya mshauri wanasahau kuwa kamati itabaki na madaraka yake yote. Itakachokosa ni shahidi aliyepatikana kwa kuaminiwa.