Hitilafu katika Seva za Ramani: Historia Fupi ya Maneno ya Upimaji katika Nyanda za Kasulu na Kibondo

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu neno moja, nalo ni hitilafu. Tumelichagua kwa sababu watumishi wa serikali, wafasiri na walimu wamekuwa wakilihitaji kila siku tangu ramani zilipohama kutoka kwenye karatasi na kuingia katika kompyuta. Siku hizi ramani ya wilaya haikunjwi tena na kutiwa kabatini. Mipaka, visima, barabara na shule huhifadhiwa kwa namba katika kanzidata, na mashine iitwayo seva hupokea ombi la mtumiaji, huiuliza kanzidata hiyo, kisha humchorea ramani aliyoitaka. Ramani ikitoka na kasoro, husemwa kwamba "mfumo una hitilafu," na fundi huitwa.

Hoja yetu ni kwamba, katika sehemu kubwa ya matukio hayo, mashine ni nzima. Kilichoharibika ni maelewano kati ya vipimo viwili au majina mawili, na Kiswahili chetu cha ofisini hakina maneno ya kutosha ya kutofautisha mambo hayo. Tumechukua Kasulu na Kibondo kuwa mfano wetu. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo historia ya upimaji imeacha alama nyingi kama katika nyanda hizo za juu za Mkoa wa Kigoma.

2. Maneno yaliyotoka baharini

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba msamiati wetu wa ramani ulizaliwa pwani. Neno ramani lina asili ya vitabu vya manahodha wa Bahari ya Hindi, vilivyoitwa rahmani kwa Kiarabu, jina ambalo nalo lilitokana na Kiajemi likiwa na maana ya kitabu cha kuonyesha njia. Neno majira, ambalo wengi leo hulijua kwa maana ya misimu, lilikuwa pia neno la mabaharia: kushika majira ni kuendesha chombo katika mwelekeo wake. Walimu wa hisabati walipohitaji jina la jozi ya namba inayoonyesha mahali pa nukta, walilichukua neno hilohilo wakasema majira ya nukta.

Lakini nahodha alijua daima anapimia wapi. Majira yake yalianza bandarini kwake na kuongozwa na nyota zake. Neno lilipopanda bara na kuingia katika vitabu vya shule, ile "bandari" ya kuanzia ilisahauliwa. Tukasema majira ya nukta kana kwamba namba zinajitegemea. Hapo ndipo matatizo yetu yanapoanza, kwa maana namba hazijitegemei hata kidogo.

3. Mstari wa nyuzi 30

Mwaka 1879 David Gill, mwanafalaki aliyekuwa akifanya kazi katika Rasi ya Tumaini Jema, alitoa wazo la kupima tao moja refu la pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi kaskazini, likifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Sehemu ya Tanganyika iliongozwa na Martin Hotine kati ya mwaka 1931 na 1933, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa na wapimaji wa Kimarekani mwaka 1954. Kutokana na vipimo hivyo ulihesabiwa msingi wa upimaji unaojulikana kwa jina la Arc 1960, ambao ramani za Tanzania, Kenya na Uganda ziliujengea kwa muda mrefu.

Mstari huo wa nyuzi 30 unapita ndani ya Mkoa wa Kigoma. Mji wa Kigoma na eneo la Manyovu viko magharibi yake. Mji wa Kasulu uko mashariki yake kwa kilomita chache tu. Kibondo iko mashariki zaidi. Basi nyanda za Waha zimekaa juu ya uti wa mgongo wa upimaji wa Afrika nzima. Jambo hili, ambalo lingepaswa kuwa fahari, limekuwa pia chanzo cha usumbufu, kama tutakavyoona.

4. Hitilafu ya kwanza: msingi wa upimaji

Dunia si tufe kamili. Ili kuipima, wapimaji huchagua umbo la hesabu linaloikaribia, wakaliegemeza mahali maalumu. Uchaguzi huo wataalamu huuita datumu. Arc 1960 ilitumia umbo la Clarke la mwaka 1880. Vyombo vya setilaiti, vilivyoenea katika kazi za misaada na misitu tangu miaka ya 1990, hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Tanzania nayo ina mfumo wake mpya wa rejea, TAREF11.

Tuchukue mfano. Karani anaingiza katika kanzidata mpaka wa kijiji uliosomwa kwenye ramani ya zamani ya karatasi, kisha anauandikia kwamba ni wa WGS 84. Seva haitalalamika. Itachora mpaka huo kwa unadhifu, lakini utakaa takriban mita 300 mbali na mahali pake halisi, hasa kuelekea kaskazini. Kwa mpaka unaokwenda mashariki na magharibi, kila kilomita moja ya urefu wake itakuwa imehamisha hekta 30 za ardhi kutoka kijiji kimoja hadi kingine, au kutoka kijijini hadi msituni.

Hili si jambo la karatasi tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kijulikane mipaka yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inataka vijiji vipange mashamba, malisho na misitu yao. Katika mkoa huu mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza mwaka 1994, umewasaidia wanakijiji kupanga ardhi yao kwa picha za setilaiti. Mkulima ambaye shamba lake limo ndani ya zile mita 300 haambiwi kwamba datumu imekosewa. Huambiwa kwamba amevamia hifadhi.

Wafasiri wengine wameandika "data" mahali pa datumu, wakidhani ni neno moja katika umoja na wingi. Kosa hilo ni zito, kwa kuwa data ndiyo inayopimwa, na datumu ndiyo inayopimiwa.

5. Hitilafu ya pili: ukanda

Ili kuiweka dunia juu ya karatasi bapa, mfumo mmoja mashuhuri umeigawa katika vipande 60 vya kusimama, kila kimoja kikiwa na upana wa nyuzi 6. Kipande cha 35 kinakoma kwenye longitudo ya nyuzi 30. Cha 36 kinaanzia hapohapo. Maana yake ni kwamba mpaka wa vipande hivyo unaukata Mkoa wa Kigoma, na uliikata Wilaya ya Kasulu kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 2012.

Katika kila kipande hesabu ya mita huanza upya. Kibondo, ndani ya kipande cha 36, ina namba ya mashariki ya takriban mita 250,000. Namba hiyohiyo ni halali pia katika kipande cha 35, ila huko huonyesha mahali palipo zaidi ya kilomita 660 magharibi, ndani kabisa ya Kongo. Ndiyo maana orodha ya kimataifa ya mifumo ya rejea, iliyoanzishwa na wapimaji wa makampuni ya mafuta ya Ulaya na kujulikana kwa herufi EPSG, imeupa kila mfumo namba yake: 21035 na 21036 kwa Arc 1960, 32735 na 32736 kwa WGS 84. Programu kama PostGIS, iliyotolewa mwaka 2001, huweka namba hiyo pamoja na kila umbo. Tarakimu moja ikikosewa, kijiji huhama nchi.

Hapa lugha yetu imeongeza ugumu wake. Kipande hicho kimezoeleka kuitwa kanda. Lakini serikalini kanda ni kundi la mikoa, kama Kanda ya Magharibi. Tena katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, kanda ni sehemu ya kambi yenye vijiji ndani yake; na "kijiji" cha kambini si kijiji cha sheria ya serikali za mitaa. Ofisi tatu zikiunganisha majedwali yao, na kila moja ina safu iliyoandikwa KANDA, kompyuta itaziona kuwa kitu kimoja. Fundi anaweza kuchunguza seva usiku kucha asione ubovu, kwa maana ubovu umo katika neno.

6. Hitilafu ya tatu: majina yaliyohama

Ramani huunganishwa na takwimu kwa majina au kwa namba za utambulisho. Majina ya nyanda hizi yamehama mara nyingi. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilifika Kigoma mwaka 1972, na makazi mengi yaliyokuwa yametawanyika vilimani yakakusanywa. Ramani iliyochorwa kwa picha za kabla ya hapo huonyesha makazi ambayo hayapo, na haionyeshi yaliyopo. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Mtu akiunganisha takwimu za sensa ya mwaka 2002 na mipaka ya baada ya 2012, Kakonko itatoka tupu kama jangwa, na Kibondo itaonekana imesongamana kupita kiasi. Akijenga visima kwa kufuata ramani hiyo, atavijenga mahali pasipo pake.

Tahajia nayo ina lake. Mto tunaouandika Malagarasi huandikwa Muragarazi kwa Kirundi, ng'ambo ya mpaka. Msikilizaji hutambua mara moja kwamba ni mto mmoja, kwani anajua jinsi l na r zinavyobadilishana katika lugha za huko. Kanzidata haina sikio hilo. Kwake hiyo ni mito miwili.

7. Hitilafu nyingine kwa ufupi

Kuna programu zinazotaka latitudo itangulie na nyingine zinazotaka longitudo itangulie. Jozi ikipinduliwa, Kibondo huonekana katika Sahara, karibu na mpaka wa Algeria na Moroko. Aidha seva nyingi huweka akiba ya picha zilizokwisha kuchorwa ili zijibu upesi. Mpaka ukisahihishwa katika kanzidata bila kuifuta akiba, mtumiaji ataendelea kuona mpaka wa zamani na kudhani hakusikilizwa. Tena maombi yakichelewa mno, mara nyingi jedwali limekosa faharasa ya mahali, na seva inalazimika kupekua kila umbo kama msomaji anayetafuta neno katika kamusi isiyopangwa kwa herufi. Ni baada ya kuyapitia haya yote ndipo inapofaa kuishuku mashine yenyewe.

8. Maana ya kale ya neno

Sasa turudi kwenye neno letu. Hitilafu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni tofauti, kutokukubaliana. Wazee husema "wamehitilafiana" kwa watu waliotofautiana kwa maoni, wala hawana maana kwamba mmoja wao ameharibika. Ni katika karne iliyopita, umeme na mitambo vilipoenea, ndipo neno lilipozoeleka kwa maana ya ubovu wa chombo.

Twaona kwamba kwa seva za ramani maana ya kale ndiyo iliyo sahihi zaidi. Mpaka wa Arc 1960 na mpaka wa WGS 84 umehitilafiana. Sensa ya 2002 na wilaya za 2012 zimehitilafiana. Kanda ya mpimaji na kanda ya kambi zimehitilafiana. Mwenye kuelewa hivyo hataanza kwa kuuliza "nini kimeharibika?" Atauliza "ni nani na nani hawakubaliani, na kila mmoja anapimia wapi?" Swali hilo la pili ndilo linaloponya.

9. Mapendekezo

Tangu Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974, desturi imekuwa kuyaleta mapendekezo mbele ya wasomaji kabla ya kuyasanifu. Kwa desturi hiyo tunapendekeza yafuatayo:

Msingi wa upimaji: litumike kwa datumu, lisifupishwe kuwa "data" wala "msingi" peke yake.

Utandazaji: njia ya hesabu ya kuuweka uso wa dunia juu ya bapa, kama ganda la chungwa linavyotandazwa mezani. Tunalipendekeza mahali pa "mradi" na "makadirio," maneno ambayo tayari yana kazi katika mipango na bajeti.

Ukanda wa ramani: kipande cha nyuzi 6, wingi wake kanda za ramani, na kamwe si "kanda" bila kivumishi.

Namba ya rejea: namba inayotambulisha mfumo wa upimaji wa umbo lililo katika kanzidata.

Hitilafu: kutokukubaliana kwa vyanzo. Kosa: namba au jina lililoandikwa vibaya na mtu. Ubovu: kuharibika kwa mashine au programu.

Hatudai kwamba istilahi peke yake zitasahihisha ramani. Lakini katika taarifa za ofisi, tofauti kati ya kosa, hitilafu na ubovu huamua ni nani aitwe: karani, mpimaji au fundi. Mwananchi wa Kasulu anayeambiwa kwamba shamba lake limo hifadhini ana haki ya kuuliza, kwa Kiswahili anachokielewa, mpaka huo umepimiwa wapi. Na mtumishi aliye mbele yake hana budi kuwa na neno la kumjibu. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaojua namna Waha wenyewe wanavyotaja mipaka, vilima na mabonde yao, tunawaomba watuletee.